Kati ya Sifuri na Nne

Kalenda ilikuwa imeng'olewa ukutani pamoja na msumari wake. Mama mkwe alikuwa ameikunja na kuibana kwapani, na alipoingia uani mwa zahanati asubuhi ile, kina mama waliokuwa kwenye benchi walisogea wenyewe bila kuombwa. Nyuma yake alikuja mwanawe, mchomeleaji wa vyuma kule mgodini, mwanamume wa mabega mapana ambaye leo alitembea akitazama viatu vyake. Nyuma kabisa alikuja mke wa huyo mchomeleaji, fundi cherehani, mimba yake ndiyo kwanza inaanza kuonekana chini ya gauni. Mkono mwingine wa mama mkwe ulishika begi la nguo lililojaa mpaka zipu imekataa kufika mwisho.

Mkunga aliliona begi hilo kupitia dirishani kabla hajaziona sura za watu. Alijua maana ya begi la namna hiyo.

Miaka ishirini na sita alikuwa katika chumba kile cha wajawazito, na watu walikuwa wamemwita Mama Duara kwa muda mrefu hata mishahara nusura iandikwe kwa jina hilo. Duara lenyewe lilikuwa mfukoni mwa koti lake: karatasi ngumu mbili za mviringo, ndogo juu ya kubwa, zimeshikwa katikati kwa kifungo cha shati baada ya pini yake ya asili kupotea. Unalenga mshale kwenye siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, nalo linakuonyesha tarehe ya kujifungua. Zamani lilikuwa na mstari mwingine mwekundu, wa siku mimba ilipotunga, lakini mstari huo ulikuwa pale hasa anapowekea kidole gumba wakati wa kulizungusha. Kidole kikaula mstari, kidogo kidogo, mpaka ukaisha. Hakuwahi kuona hasara yake, kwa sababu kadi za zahanati hazikuwa na nafasi ya kuandika jambo hilo. Zilikuwa na kisanduku kimoja tu: "Mimba ina wiki ngapi."

Na kisanduku hicho kilikuwa kimeshamponza mara moja. Mwaka wake wa tatu kazini, mzee mmoja mpole alikuja dirishani akauliza mimba ya mkamwana wake ina muda gani. Yeye, akihesabu vidonge, akajibu bila kuinua kichwa: "Wiki kumi na mbili, mzee." Mzee akashukuru, akaenda zake. Jioni ileile yule mwanamke akarudishwa kwao kwa basi, kwa sababu wiki kumi na mbili nyuma mume wake alikuwa safarini. Mama Duara alipopata habari, siku nane zilikuwa zimepita. Alikwenda mwenyewe mpaka mlangoni kwa yule mzee kumweleza kwamba wiki mbili za mwanzo kwenye kadi si za mimba, ni za hesabu tu. Mzee akamsikiliza kwa adabu zote, akamwambia maji yakimwagika hayazoleki. Basi. Tangu siku hiyo hajibu swali la dirishani, hata aulizwe na nani.

"Nesi!" Mama mkwe aliingia bila kubisha. "Nimekuja na ushahidi wangu, na wewe nataka useme kweli mbele ya Mungu."

"Karibu mama. Kaeni kwanza."

"Sikai. La kuvunda halina ubani." Akaitandaza kalenda juu ya meza, juu ya kipimo cha presha, juu ya kikombe cha kalamu. Mduara mkubwa wa wino ulikuwa umezunguka tarehe tatu Februari. "Juzi umeandika mimba ina wiki kumi na sita. Ni mwandiko wako au si wako?"

"Ni wangu."

"Nimerudi nyuma wiki kumi na sita, moja moja, kwa kidole. Nimeangukia hapa. Tarehe tatu! Mwanangu amefika kutoka mgodini tarehe kumi na mbili, na majirani wote ni mashahidi, maana alikuja na godoro jipya kichwani. Hiyo tarehe tatu alikuwepo nani?"

Mchomeleaji hakusubiri kuulizwa. Alisema polepole, kama mtu aliyelifanyia mazoezi neno lake njia nzima: "Mimi sikutaka kuamini hesabu ya mama. Nikapiga yangu. Mmesema atajifungua tarehe kumi Novemba. Mimba miezi tisa. Mwezi wiki nne. Nikarudi nyuma wiki thelathini na sita, nikafika tarehe tatu Machi."

"Na wewe uliondoka lini?"

"Tarehe ishirini na nne Februari. Wiki nzima nilikuwa nimeshaondoka." Akameza mate. "Kwa hesabu yoyote ile, nesi, mimi sipo."

Mwezi wiki nne! Mama Duara alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Kule mgodini kila kitu kiligawanywa kwa wiki nne, zamu kwa wiki nne, likizo kila baada ya wiki nne mara tatu, na huyu mtu alikuwa ameishi ndani ya kalenda hiyo miaka sita, akasahau kwamba miezi ya watu wengine ina siku thelathini na thelathini na moja. Mama amehesabu kuanzia kabla ya mimba, mwana amehesabu akaishia baada yake, na katikati yao amesimama mwanamke mmoja asiyesema kitu.

"Basi mimba hii imeingia mara mbili," Mama Duara akasema. "Mara moja tarehe tatu Februari, mara ya pili tarehe tatu Machi. Sijapata kuiona ya namna hiyo."

Hakuna aliyecheka. Mama mkwe akasema njia ya mwongo ni fupi, na kwamba basi la kwenda kwao na fundi linaondoka saa sita, na mwanawe anarudi kazini keshokutwa, kwa hiyo jambo hili liishe leo. "Sisi hatukumpiga, hatukumtukana. Tunamrudisha tu na heshima zake."

Mama Duara alimtazama fundi. Macho yake yalikuwa makavu, ya mtu ambaye amelia mpaka akamaliza, na vidole vyake vilikuwa vikiifungua na kuikunja tepu ya kupimia iliyoning'inia shingoni. Hata siku ya kufukuzwa alikuwa amesahau kuivua.

Jibu lilikuwa karibu kwenye ulimi wa mkunga. Siku kumi na nne baada ya tarehe tatu Februari ni tarehe kumi na saba, na tarehe kumi na saba mwenye godoro alikuwa nyumbani, siku ya sita. Lakini akaufunga mdomo. Hizo siku kumi na nne ni za mwanamke ambaye mwezi wake unakuja kila baada ya siku ishirini na nane. Wapo ambao huwajia kila wiki tatu, na wapo ambao hukaa hata wiki sita, na huyo wa wiki sita yai lake hushuka wiki ya nne. Wiki ya nne ni tarehe tatu Machi. Ni palepale alipoangukia mume. Swali moja tu lilibaki, na jibu lake likija vibaya, Mama Duara atakuwa amemsindikiza mwanamke wa pili kwenye basi, safari hii kwa mkono wake mwenyewe.

Aliogopa. Tuseme ukweli, kwa dakika nzima alifikiria kutouliza. Angeweza kusema "tarehe kumi na saba" kwa sauti ya kazi, akapiga muhuri, wakaenda. Nani angembishia? Lakini mchomeleaji ni mtu wa kuhesabu, angekaa huko chini ya ardhi na kichwa chake, na siku moja angekutana na mtu wa kumwambia kwamba siku kumi na nne si za kila mwanamke. Hapo ingekuwa mbaya zaidi, na mtoto angekuwa na masikio ya kusikia.

"Nyinyi wawili nipisheni," akasema. "Nataka kuzungumza na mgonjwa wangu."

"Mgonjwa gani? Tuongee hapahapa," mama mkwe akang'aka.

"Mama, humu ndani ni mimi ninayepanga nani akae. Uani kuna benchi."

Mchomeleaji akamshika mama yake mkono. Begi lilibaki sakafuni. Mlango ulipofungwa, fundi akakaa kwa mara ya kwanza, kwenye ncha ya kiti.

"Mwanangu," Mama Duara akasema, "nitakuuliza kitu, na usinijibu kwa kunifurahisha. Siku zako huja baada ya muda gani?"

"Kwa nini?"

"Nijibu tu."

Nje benchi lililia, mtu amekaa au amesimama. Mama Duara akaitia mikono yake mfukoni, ikakuta duara, nalo safari hii halikuwa na la kumsaidia.

"Sijui kuzihesabu kwa kichwa," fundi akasema mwishowe. "Naziandika."

"Wapi?"

Fundi akainama, akaivuta zipu ya begi iliyokataa, akatoa daftari lenye jalada la nailoni, la kuandikia vipimo vya wateja. Kila mteja alikuwa na ukurasa wake: bega, kifua, kiuno, urefu. Akafunua mpaka karibu na mwisho. Juu ya ukurasa huo pameandikwa "Bi Mgeni", na chini yake hakuna bega wala kiuno, ni tarehe tu.

"Daftari hili wanalishika watu wengi," akasema, na kwa mara ya kwanza midomo yake ikataka kucheka. "Mama mkwe alishawahi kuniuliza huyu Bi Mgeni gauni lake litaisha lini, maana anakuja kila mwezi."

Mama Duara akavaa miwani. Kumi na moja Novemba. Kumi Desemba. Sita Januari. Tatu Februari. Akahesabu kwa kidole, akarudia, kisha akarudia tena kwa sababu hakujiamini. Ishirini na tisa. Ishirini na saba. Ishirini na nane. Akafunua ukurasa wa nyuma, wa mwaka uliotangulia, na huko nako Bi Mgeni alikuwa mtu wa ahadi, akikawia ni siku moja, akiwahi ni moja.

Akaliweka daftari mezani taratibu.

"Niwaambie?" akauliza. "Ni siri yako. Nikiisema, ni kwa ruhusa yako."

"Waambie," fundi akasema. "Lakini mimi niwepo. Siku tatu wanaongea kuhusu mimi chumba cha pili."

Waliporudi, mama mkwe alisimama karibu na begi lake. Mama Duara hakulitoa duara. Kufafanua mstari ambao haupo ni kujitafutia ubishi.

"Niazime tepu," akamwambia fundi.

Akaitandaza juu ya kalenda, ile ncha yenye bati upande wake wa kushoto. "Sikilizeni. Leo sentimita moja ni wiki moja. Hapa kwenye sifuri ni tarehe tatu Februari. Hapa kwenye arobaini ni tarehe kumi Novemba. Mama, weka kidole pale ulipohesabu wewe."

Mama mkwe akasita, kisha akaweka kidole kwenye bati. Sifuri.

"Na wewe baba. Umetoa thelathini na sita kwenye arobaini. Zimebaki ngapi?"

"Nne."

"Weka kidole kwenye nne."

Akaweka. Kilikuwa kidole kinene chenye makovu ya cheche.

"Sasa, mama. Pale kwenye sifuri unajua kilitokea nini? Mkamwana wako aliingia mwezini. Siku hiyo tumboni hamkuwa na mimba ya mtu yeyote, awepo mwanao au awepo mfalme. Sisi wakunga tunaanzia kuhesabu hapo kwa sababu ndiyo siku ambayo mwanamke anaiona kwa macho. Siku ya mimba kutunga haina mtu wa kuiona. Kwa hiyo kadi ikisema wiki kumi na sita, mimba yenyewe ina kama kumi na nne. Wiki mbili za mwanzo ni bati la tepu, kitambaa bado."

Akamgeukia mchomeleaji.

"Na wewe, miezi yako ni ya mgodini. Duniani huku miezi tisa si wiki thelathini na sita. Umerudi nyuma, ukaishia njiani kabla ya kufika. Haya. Ulifika tarehe kumi na mbili. Ni hapa, moja na kidogo. Uliondoka ishirini na nne. Ni hapa, kwenye tatu kamili." Akachukua chaki ya fundi iliyokuwa ndani ya daftari, akapaka mstari mwembamba kati ya alama hizo mbili. "Na mwanamke ambaye siku zake ni ishirini na nane, na huyu zake nimeziona zimeandikwa tangu mwaka juzi, mimba yake hutunga karibu na hapa. Mbili. Tarehe kumi na saba, toa siku au ongeza siku."

Kidole cha mama kilikuwa kwenye sifuri, kidole cha mwana kwenye nne, na katikati yao mstari wa chaki, na juu ya mstari ule namba mbili. Mama na mwana waliutazama wote wawili bila kuondoa vidole.

"Kwa hiyo ni wangu," mchomeleaji akasema.

"Mimi sijasema hivyo," Mama Duara akajibu, na mama mkwe akashtuka. "Nimesema tarehe zinakukubali. Kalenda haijui jina la baba, wala mimi silijui. Mwenye kulijua amekaa hapo. Ulimuuliza?"

Mchomeleaji akageuka. Alimtazama mkewe kama mtu aliyeingia chumbani akakuta taa ilikuwa inawaka muda wote. Hakuwa amemuuliza. Siku tatu alikuwa ameuliza kalenda, akauliza mama yake, akauliza simu yake kwa kutoa na kujumlisha, na kwa mkewe alikuwa amepita kimya akielekea mlangoni.

"Ni wangu?" akauliza sasa, kwa sauti ndogo.

"Ni wako," fundi akasema. "Ungeniuliza juzi ningekujibu juzi."

Mama mkwe ndiye aliyeanza kulia. Alilia kwa hasira kwanza, ya kuaibika mbele ya mtu wa nje, kisha akalia sawasawa. "Mwanangu, kitanda hakizai haramu," akasema, akimshika fundi bega. "Nisamehe. Mimi mtu mzima nimehesabu na bati." Fundi hakuutoa ule mkono begani, wala hakuushika.

Mchomeleaji akainama akachukua begi.

"Unalipeleka wapi?" mkewe akamuuliza.

"Nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

Macho yakamjaa maji, na watu wa chuma wakilia hawajui pa kuangalia. "Kwako," akasema.

"Basi tangulieni. Kaipigilieni kalenda mahali pake. Mimi nikifika niikute ukutani."

Wakatoka, mama na kalenda yake, mwana na begi. Fundi alibaki akikunja tepu, akaufuta mstari wa chaki kwa kidole gumba, taratibu, kama anavyofuta alama kwenye nguo iliyokwisha kushonwa. Mama Duara aliitazama ile kazi ya kidole, akakumbuka mstari mwekundu wa duara lake. Akaivuta kadi ya fundi, na chini ya kisanduku cha wiki akaandika kwa mkono: "Toa wiki mbili." Kisha akavuta kadi nyingine kutoka kwenye rundo la siku hiyo, akaandika vilevile, na nyingine.

"Nesi," fundi akasema akiwa mlangoni. "Na kama siku zangu zingekuwa za kurukaruka? Au kama nisingekuwa ninaziandika?"

Kalamu ikasimama. Kwa miaka ishirini na tatu Mama Duara alikuwa amejiambia kwamba angemwokoa yule mwanamke wa kwanza kama angemweleza mzee wiki mbili zile mapema. Hakuwahi kujiuliza siku za yule mwanamke zilikuwa za namna gani.

"Mtoto angekuwa wa mumeo vilevile," akasema.

"Hilo najua," fundi akajibu. "Ila mimi saa hizi ningekuwa kituo cha basi."

Akavaa tepu yake shingoni, akatoka. Mama Duara akasikia jina la kwanza likiitwa kwenye benchi, lakini hakusimama kwenda kufungua mlango; alikuwa bado anazitazama kadi alizoziandika, asijue ni ipi ingempandisha nani basi.